Kulia Mmoja, Kushoto Mmoja

Hakuwa na salamu kama za watu wengine. Ukipita mbele ya nyumba yake asubuhi, kabla hujamaliza kumwamkia, yeye tayari ameuliza: "Barabara iko namna gani?" Aliwauliza wenye baiskeli, wenye pikipiki, akina mama waliotoka shambani na mihogo mgongoni. Aliwauliza hata wale aliowaona kwa macho yake wakitoka kisimani, hatua chache tu kutoka hapo. Na jibu lolote halikumtuliza. Ukimwambia barabara imetulia, alisema utulivu wa namna hiyo haupendi. Ukimwambia ina watu wengi, aliuliza wanakimbia nini.

Mtaa wetu mjini Kasongo ulimwita Bibi Msukaji, kwa sababu alisuka nywele, na mimi pia nitamwita hivyo. Alizaliwa wapi na nani, sikumuuliza. Siku zile hata sisi hatukupenda kuulizwa. Ninachokijua ni kile nilichokiona katika miaka ya kuishi nyuma yake, kwa maana chumba tulichopewa mimi na mdogo wangu Mwamini, tulipofika kutoka upande wa Kabambare, kilitazamana na mlango wake wa nyuma.

Mlango ule mchana haukufungwa kamwe. Wa mbele aliufunga kwa mnyororo wa baiskeli, na wateja wake walizoea kuzunguka nyumba. "Wabaya watapita mbele," alisema, "mimi nitapita nyuma." Kando ya mlango, chini, lilikaa furushi la kitenge lililofungwa mafundo mawili. Ndani yake mlikuwa na sufuria ndogo, chumvi, kiberiti, blanketi, kadi yake ya uchaguzi na machanuo ya akiba. Mara kwa mara alilifungua, akatoa chumvi iliyolowa na kuweka kavu, kisha akalifunga tena. Sikumbuki kumwona akipanga kitu kingine chochote ndani ya nyumba ile. Sahani zilikaa popote, nguo zilikaa popote. Furushi peke yake ndilo lilipangwa.

Aliogopa radi, na mvua ikianza tu alikifunika kioo cha wateja kwa gunia, akisema radi hutafuta mahali pa kujitazama. Aliogopa redio ikikoroma. Aliogopa watoto wakicheza mchezo wa kujificha, kwa sababu hakupenda kuona mtu akijificha hata kwa kicheko. Aliogopa kuku. Siyo kuku wakipiga kelele: aliogopa wakinyamaza. Kuku wa jirani wakinyamaza wote pamoja, mkono wake ulisimama juu ya kichwa cha mteja, na mteja naye akajikuta ameacha kupumua.

Lakini mwoga huyo huyo alikuwa na mdomo ambao mtaa mzima uliuogopa. Alimwambia mkuu wa mtaa, mbele ya watu, kwamba suruali yake imechoka kabla yake. Sisi vijana wa kiume alituita "bwana yangu," kama bibi anavyomtania mjukuu, kisha akatudai mahari ambayo hatukuwahi kutoa. "Bwana yangu wa bidoni," aliniita mimi, kwa kuwa nilisukuma baiskeli yenye bidoni, yale madumu ya mafuta ya mawese, kutoka vijijini hadi sokoni. "Umenunua sabuni ya bibi yako, ama umerudi na jasho peke yake?"

Jumapili alisali kanisani, akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote na nje ya wimbo. Lakini kabla ya kuanza kichwa kigumu alisema "Bismillahi," kama alivyowasikia majirani zake Waislamu wakisema. Mke wa katekista alimuuliza anasali wapi hasa. Akajibu, "Kwa Mungu. Wewe unasali wapi?"

Huyo mke wa katekista ndiye aliyenifundisha, bila kutaka, namna Bibi Msukaji alivyofanya kazi. Siku moja alikuwa amekaa chini akisukwa, mwanamke mwenye mwili na heshima zake. Pikipiki iliyorudi kutoka machimbo ya Salamabila na mizigo ikapasuka tairi mbele ya nyumba. Paa! Kabla dereva hajashuka, Bibi alikuwa amekwisha kulichukua furushi na kutoka kwa mlango wa nyuma. Mteja alipoona msukaji anakimbia, akakimbia naye. Watu walipomwona mke wa katekista anakimbia, wakasema mambo yameharibika, nao wakakimbia. Waligeuka walipofika mtoni, dereva alipowafuata akicheka hadi machozi na kuwaonyesha mpira uliopasuka.

"Bibi, umenikimbiza mbele ya watu na kichwa cha nusu!" yule mama alilalamika.

"Nusu gani? Jishike."

Akajishika. Kulikuwa na misuko kulia na misuko kushoto, inalingana. Juu katikati tu ndipo palibaki nywele wazi, na hapo hata kitambaa kidogo kingefunika.

Ndivyo alivyosuka. Wasukaji wengine humaliza upande mmoja, kisha huhamia wa pili. Yeye alisuka mmoja kulia, akakugeuza kichwa, akasuka mmoja kushoto, akakugeuza tena. Kazi ilichukua muda, na shingo za wateja ziliuma. Walinung'unika, wakaenda kwa wasukaji wengine, wakarudi kwa sababu mistari yake ilinyooka. Nilipomuuliza sababu, hakuniangalia. "Nimeshaona kichwa cha nusu kikikimbia," alisema. Kilikuwa kichwa cha nani, na kiliishia wapi, hakusema. Nilijua kwamba hakikuwa cha mke wa katekista.

Sasa nifike kwenye kichwa cha Mwamini, ambacho ndicho kilichotufanya tujuane kwa undani.

Kijiji chetu kilikuwa mbele ya Lusangi, huko upande wa Kabambare. Baba alikufa zamani, shimo la dhahabu lilipomwangukia huko Salamabila, na mimi niliacha shule mwaka ule ule ili nimsaidie mama. Siku risasi zilipoanza nilikuwa shambani. Nilikutana na mama njiani, amemshika Mwamini mkono, na Mwamini amefungwa kitambaa cha kijani kichwani. Mama alimweka mgongoni mwangu, akasema nitangulie, yeye anarudi mara moja kumtoa bibi yetu ambaye miguu yake ilikuwa imekufa. Hawakutoka, wote wawili. Waliochelewa kukimbia ndio waliowazika, na ndio walionieleza tulipokutana nao porini. Nilimkalisha Mwamini nikamwambia. Alikuwa na miaka kama mitano. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakaza fundo la kitambaa chake.

Tulizunguka miezi mingi, porini na katika vijiji vya watu. Kitambaa hakikutoka. Alilala nacho, alioga nacho, alinyeshewa nacho. Nilipojaribu kukifungua aliniuma kidole hadi damu. Tulipofika Kasongo, kitambaa chenyewe kilikuwa kimeoza, na nywele zilikuwa zimekila. Hapakuwa tena na nywele hapo. Palikuwa na kitu kimoja, kigumu, kizito, kama ngozi ya mnyama iliyokaushwa vibaya, kikiwa na vumbi, majani, vipande vya kijani na chawa. Na upande wa kulia, ndani, kulikuwa na kitu. Usiku mmoja, akiwa amelala, nilibonyeza hapo kwa kidole. Kilikuwa kigumu kama mfupa. Nikarudisha mkono wangu na sikukibonyeza tena.

Niseme wazi niliogopa nini. Huko tulikotoka kuna watu wanaopigana wakiwa na hirizi na dawa mwilini. Wengine huifunga kwenye nywele, na kichwa chenye dawa hakiguswi, chanuo halipiti. Na wapo watoto wanaochukuliwa ili wawabebee hiyo dawa. Mimi nilijua Mwamini hakuwahi kuachana nami hata siku moja. Lakini kidole changu kilikuwa kimegusa kitu, na sikujua ni nini.

Kama mimi niliogopa, majirani je? Kisimani akina mama walianza kusogeza ndoo zao Mwamini akikaribia. Halafu wakaanza kusema.

"Ule mutoto ya Kabambare iko na kitu mu kichwa."

"Mimi niliona kinajongea."

"Ni chawa, mama."

"Chawa gani inaweza kujongea hivi?"

Kinyozi wa sokoni alikataa hata tusimame kivulini pake. Mwishowe mkuu wa mtaa akaja, akasimama mbali kidogo na mlango wetu. Hakuwa mtu mbaya. Mikono yake ilikuwa inatafutana mgongoni.

"Kijana, unisikie. Mbele ya Jumapili hii kichwa kifunguliwe, tuone kuna nini. Kama hapana, mutoke mu mtaa wangu. Maneno haya yakifika kwa askari, watakuja kumuchukua wao wenyewe, na mimi sitaweza kusema kitu."

Nilinunua wembe. Nilifikiri kunyoa ni jambo la dakika chache, na baada ya hapo tutalala. Mwamini alipouona wembe, hakulia. Aliingia chini ya kitanda, akajibana kwenye ukuta, na kutoka huko akasema neno ambalo ndilo refu kuliko yote aliyoniambia mwezi ule:

"Yaya, mimi sijafiwa."

Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, na mtoto hunyolewa mama yake akizikwa. Nikaurudisha wembe kwenye karatasi yake.

Ndipo nikazunguka hadi mlango wa nyuma wa Bibi Msukaji. Alikuwa akichambua nyuzi. Nilipomaliza kueleza, alikuwa amesimama tayari, na mguu mmoja karibu na furushi.

"Bwana yangu," alisema, "mimi naogopa hata kuku ikinyamaza. Na wewe unaniletea kichwa cha vita?"

"Ni mtoto, Bibi."

"Nimemuona. Namuona kila siku. Njo maana nasema hapana."

Akafunga mlango. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona ule mlango wa nyuma umefungwa mchana, kana kwamba mtu wa mwisho katika mtaa amekwisha kuondoka.

Sikwenda kazini siku hiyo. Nilikaa kizingitini, nikiangalia njia, nikihesabu kila buti iliyopita. Mwamini alikaa uani akichora chini kwa kijiti. Baada ya muda nikaona mlango wa Bibi umefunguka kidogo, na jicho lake moja limekaa kwenye ufa. Lilikaa pale sana. Kisha akatoa kichwa.

"Kwa nini anakaa amepinda?"

"Upande wa kulia unamvuta, Bibi. Ni mzito."

"Kushoto siyo mzito?"

"Siyo sana."

Akavuta ugoro, akapiga chafya, akapangusa macho. Akaangalia barabara upande huu na upande ule. "Chemsha maji," alisema. "Na ulete mafuta ya kokwa za mawese, yale meusi. Na unipe spoku moja ya gurudumu la baiskeli yako, iliyonyooka. Haraka, mbele sijafikiri tena."

Alimkalisha Mwamini kwenye mkeka, mlango wa nyuma ukiwa wazi nyuma yake kabisa, furushi likigusa goti lake. Mimi nilikaa mbele, magoti yangu yakiwa ukuta wa mtoto. Mwamini alikuwa ameshika kitambaa, yaani kile kilichobaki, kwa mikono yote miwili.

"Shika," Bibi alimwambia. "Mimi sikitoi. Wewe shika kitambaa, mimi nitashika nywele. Kila mutu na kazi yake."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Mwamini akamtazama. Na Bibi akasema "Bismillahi," akapiga ishara ya msalaba, akaanza.

Alimwaga maji ya vuguvugu kwa kikombe, kidogo kidogo, hadi kile kitu kikanywa maji na kuanza kutoa harufu ya msituni. Kisha mafuta. Aliyaingiza kwa vidole, hakuyapaka juu, akakanda kama mtu anayekanda unga uliogoma. Kisha akasubiri. Sikujua kwamba kazi ile ni ya kusubiri. Akachukua spoku, ambayo ncha yake aliisugua kwenye jiwe hadi ikawa butu, akaanza kwenye ncha za nywele, pembeni kabisa, siyo kwenye ngozi. Aliingiza spoku ndani ya fundo moja, akalitikisa, akalilegeza, akavuta unywele mmoja, nywele mbili, akashika shina kwa mkono mwingine ili ngozi isivutwe. Akishinda fundo, aliliambia. "Nenda zako." Akishindwa, alilitukana kwa lugha ya Kizimba, nami namshukuru Mungu Mwamini hakukijua Kizimba. Nywele zilizokufa zilianguka kwenye mkeka kama manyoya. Watu wakaanza kukusanyika nje ya ua, wakijifanya wanapita.

"Bibi, umeona kitu?"

"Nimeona chawa anauliza habari yako."

Kichwa kile hakikuwa na pande, kilikuwa kimoja. Kwa hiyo alianza pale kilipokubali, kushoto, akafungua, akafungua, bila kugeuza. Kufikia jua la saa nane upande wa kushoto ulikuwa umekuwa nywele. Ndani yake tukaona misuko ya uzi mweusi, imepangwa vizuri, lakini imening'inia mbali na ngozi, kwa kuwa nywele mpya zilikuwa zimeota chini yake muda huo wote. Mama yetu alisuka kwa uzi mweusi. Nilitazama pembeni.

Akahamia kulia. Spoku ikaingia, ikapita, ikagonga.

Kt.

Tulisikia sote watatu. Bibi akainua mikono yake miwili juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Kisha mikono ikashuka, ikashika furushi, na akatoka kwa mlango wa nyuma akikimbia. Nje, watu waliomwona anakimbia hawakuuliza. Nilisikia miguu, nilisikia mama mmoja akiita watoto wake, nilisikia mtu akisema, "Niliwaambia!" Kisha pakawa kimya, na kuku nao wakanyamaza.

Nilibaki na Mwamini kati ya magoti yangu. Spoku ilisimama kichwani mwake, ikitetemeka. Hakulia. Alikuwa akinitazama usoni ili ajue ni jambo baya kiasi gani, nami nilijitahidi uso wangu usimwambie. Nilifikiri: sasa wamekwenda kwa askari. Nilifikiri ni njia ipi ya kutokea nyuma ya soko, na kama nitaweza kumbeba hadi jioni bila kusimama. Sikumgusa kichwa. Nilitaka kuitoa ile spoku, na sikuweza kuinua mkono.

Halafu nikasikia pumzi. Bibi Msukaji alikuwa amesimama mlangoni, furushi kichwani, jasho likimtiririka hadi kwenye kidevu.

"Nimefika mutoni," alisema. Alihema. "Nimefika mutoni, nikakumbuka. Nimeacha kichwa upande mumoja."

Akaweka furushi chini. Safari hii aliliweka mbali, upande wa pili wa chumba. Akakaa, akashika spoku. Mikono ilikuwa inamtetemeka hadi bangili zikalia, kisha ilipozigusa nywele ikaacha kutetemeka. Sijui lilikwenda wapi lile tetemeko. Meno yake bado yaligongana. Vidole vilikuwa kimya.

Alifungua kukizunguka kile kitu, polepole, kama mtu anayefukua kiazi bila kukijeruhi. Na kilipotoka, kilitoka na shungi la nywele na kipande cha kitambaa cha kijani. Akakipangusa kwa mafuta kwenye goti lake.

Lilikuwa chanuo la mti, limevunjika katikati. Meno yake yalikuwa yamebaki manne.

Mwamini akaachia kitambaa. Mikono yote miwili. Akalichukua chanuo.

"Ni la mama," alisema. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyeamka. "Alikuwa ananisuka. Upande huu alimaliza. Upande huu alianza, bunduki zikalia, chanuo likavunjika. Akanifunga kitambaa. Akasema nisikitoe, mpaka amalize."

Miezi yote ile mtoto alikuwa amekaa na kichwa chake akingoja. Sisi wengine tulikuwa tunaogopa chanuo.

Bibi ndiye aliyesimama. Alichukua chanuo kwa ruhusa ("Niazime kidogo, mama"), akatoka nalo hadi barabarani, mahali ambapo watu walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja pamoja na mkuu wa mtaa, akaliinua juu.

"Hii njo dawa yenu! Mumeiona? Chanuo! Kila mwanamuke hapa iko nayo mu nyumba, basi muende mujishitaki kwa askari!"

"Lakini Bibi," mtu mmoja alisema, "si ni wewe ulikimbia wa kwanza?"

"Mimi nakimbia kila siku, mumenizoea! Nyinyi mulikuwa munanifuata wapi?"

Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa na aibu ndani yake. Mkuu wa mtaa alisema basi, mambo yamekwisha, kila mtu aende kwake. Alikuwa wa kwanza kwenda.

Tuliporudi ndani Mwamini aliuliza, bila kumtazama yeyote, "Sasa nani atamaliza?"

Bibi Msukaji alikaa tena nyuma yake, akauliza, "Mama alikuwa amefika wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Mwamini akaonyesha, juu kidogo ya sikio la kulia.

"Basi nitaanzia hapo."

Ilimpasa kufungua misuko ya mama, kwa kuwa ilikuwa imechakaa na chawa wamejaa chini yake. Kila alipofungua mmoja alisema, "Huu umefanya kazi yake," na Mwamini alilia kwa sauti, kilio cha kawaida cha mtoto, ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ile ya njiani. Nilikiacha kipite. Mmoja tu, mdogo, nyuma ya sikio la kushoto, Bibi hakuufungua. Aliuosha, akaupaka mafuta, akasuka mingine yote iufuate huo, mmoja kulia, mmoja kushoto, hadi jioni. Wiki chache baadaye Mwamini aliufungua mwenyewe. Nywele hakunyolewa. Lakini jioni ile ile alipoufungua, tukila, aliniuliza mama na bibi walizikwa upande gani wa njia.

Nilitaka kumweleza mtu, nami nimemweleza kwa kichwa kimoja tu. Alikuwa na mengine. Alikuwa mchoyo wa ugoro. Alisengenya hadi wafu. Aliwahi kunifukuza kwa ufagio kwa sababu nilipumzisha baiskeli yangu mbele ya mlango wa nyuma, nikamzibia njia. Wala asidhani mtu kwamba baada ya siku ile aliacha kuogopa. Aliogopa zaidi, akisema sasa askari wanamjua kwa jina. Askari hawakuwahi kuja.

Hatimaye habari za barabara ya Kabambare zilipozidi kuwa mbaya, alihama Kasongo. Alikwenda kwa jamaa zake Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Alisema mto ule ndio mlango wa nyuma mkubwa kuliko yote. Alisema hivyo mtu ambaye hakuwahi kuingia ndani ya mtumbwi, na ambaye akivuka kijito cha kawaida alimshika mwenzake nguo.

Nilimwona mara ya mwisho msimu wa mvua uliopita. Nilikuwa nimepeleka mafuta Nyangwe, na sikupenda safari ile. Njiani nilikuwa nimepishana na watu wenye magodoro kichwani ambao hawakutaka kusema wametoka wapi. Nilitaka kushusha bidoni, nile, nigeuke siku hiyo hiyo, kwa maana nilimwacha Mwamini Kasongo kwa sababu ya shule. Nilimkuta Bibi amekaa nje ya nyumba, nyuma, akitazama maji. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mikono ilitetemeka juu ya mapaja, na sasa haikuwa na mahali pa kuachia tetemeko lake.

"Barabara iko namna gani?" aliuliza, kabla hajajua ni mimi.

"Siyo nzuri, Bibi."

"Ah. Bwana yangu wa bidoni. Wewe ulikuwa haujui kudanganya." Akanishika kiganja. "Na kichwa chetu?"

"Kinaendelea vizuri. Sasa anawasuka wenzake."

"Namna gani?"

"Mmoja kulia, mmoja kushoto. Wenzake wanalalamika shingo."

Alicheka hadi akakohoa. Kitambaa chake kikateleza, nikaona nywele zake. Zilikuwa nyeupe zote, na nyuma, mahali anapolalia, zilikuwa zimeanza kushikana na kuwa kitu kimoja. Alijua kwamba nimeona. Akavuta kitambaa.

"Mikono haifiki nyuma tena," alisema. "Na hapa kila mutu iko na haraka."

Nilitazama jua. Kisha nikaenda kwenye baiskeli, nikatoa mafuta na spoku. Nikakaa nyuma yake, mimi na vidole vyangu vya grisi, nikamwaga, nikakanda, nikasubiri, nikaanza kwenye ncha. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu karibu yetu waliacha kazi ili watucheke.

"Ee, musukaji! Ukimaliza hapo, uje kwangu!"

"Wewe iko na upara," Bibi alijibu bila kugeuka. "Atakusuka masikio?"

Nilifungua yale mafundo yote. Nilisuka mmoja kulia, nikamgeuza, nikasuka mmoja kushoto. Mistari yangu haikunyooka, na alijua, akaniambia. Tulikuwa karibu nusu ya kazi mlio uliposikika ng'ambo, mbali, mmoja, kisha mwingine. Sikuweza kusema ni nini. Mvuvi mmoja alisimama ndani ya mtumbwi wake, akaelekeza sikio. Wengine wakaacha kucheka. Mkono wa Bibi ulikwenda chini, pembeni, ukapapasa, ukalipata furushi. Lilikuwepo, na mafundo yake mawili.

"Umefika wapi?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

"Nimemaliza wa kushoto, Bibi."

"Na kulia?"

"Pande zinalingana."

"Basi tunaweza kukimbia."

Nilimsubiri ainuke. Baiskeli ilikuwa pale, na njia ya Kasongo ilikuwa pale. Tulisikiliza pamoja. Kisha akaweka furushi kwenye mapaja, akalikumbatia kwa mikono yake miwili, akageuza kichwa polepole, akanipa upande wa kulia.